Mtaro Uliopita Penye Msiba

Zamani mtu akifa Endagikot hakuna aliyegusa ardhi kwa jembe mpaka marehemu azikwe; siku hizi maiti yuko ndani na sururu zinalia nyuma ya nyumba, kwa sababu ratiba imesema.

Basili Margwe aliishia darasa la nne, mengine akajifundisha mwenyewe kwa magazeti yaliyofungiwa sukari dukani. Kwa hiyo kijiji kilipomchagua kusimamia bomba la maji, kutoka chemchemi ya juu hadi zahanati, na wafadhili wakamtuma Violeth, mhandisi kijana, aje na programu ya kupanga kazi, Basili alikaa mbele ya ile kompyuta kama mgeni wa meza kuu. Violeth alimwonyesha. Kila kazi ni mstari: kuchimba, kulaza mabomba, kufukia. Mistari imefungwa pamoja. Ukisukuma mmoja, inayoufuata nayo inasogea.

"Inaamini tunachoiambia, mzee," alisema. "Mbali na Jumapili, siku gani hamchimbi?"

"Hakuna."

"Hata kukiwa na msiba? Niweke siku chache za akiba?"

Basili alijua jibu. Lakini aliona haya kumwambia msichana wa chuo kwamba watu wazima huacha kazi kwa ajili ya maiti ambaye hata si ndugu yao.

"Akiba ya nini, mjukuu wangu? Ya uvivu? Hayo yalikuwa ya babu zetu."

Wajumbe wa kamati ya maji waliokaa naye walicheka. Lameck, jirani yake wa mpaka mmoja, hakucheka.

Mtaro ulipokaribia kwa Lameck, mama yake, bibi Verediana, akafariki. Ndiye aliyemnyonyesha Basili mwaka ambao mama yake mzazi aliugua. Helena, mke wa Lameck, alikuja mwenyewe asubuhi kutoa habari.

"Baba Judica, mama ametutoka. Tutazika Ijumaa, tunamngoja kijana atoke Mwanza."

"Poleni sana, Mama Irene."

"Basi wachimbaji watapumzika?"

"Tutaona."

Helena alipoondoka, Basili alifungua kompyuta akausogeza mstari wa kuchimba mpaka baada ya maziko. Mistari yote ya chini ikateleza, tarehe ya kukabidhi ikawa nyekundu. Violeth angeiona ile rangi, angejua mzee alimdanganya. Akaurudisha mstari mahali pake.

Wanakijiji walikataa kushika majembe. Basili akaleta vibarua kutoka Dongobesh, watu wasiomjua marehemu. Waombolezaji waliimba nyimbo za kanisa huku mawe yakigongwa nyuma ya nyumba. Katekista akinyamaza ili watu wasali kimya, sururu ndizo zilizoitikia.

Ijumaa Basili alifika makaburini na chepe begani, kama kila mwanamume. Lameck alilipokea taratibu, akaliegemeza kwenye ua.

"Hili limechimba wiki nzima, Basili. Liache lipumzike."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Basili alisimama mikono mitupu mpaka kaburi likajaa.

Violeth alipokuja kukagua alisikia yote. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Basili.

"Kwa nini hukusogeza ratiba, mzee? Imetengenezwa ili isogezwe. Ungeniambia tu."

Basili aliifunga kompyuta.

Maji yalitoka kwa tarehe iliyopangwa, watu wakapiga vigelegele. Helena hakuyachota. Aliendelea kushuka mtoni na dumu lake, akipita mbele ya bomba bila kuligeukia. Basili alienda kuomba radhi na kondoo. Lameck alimsalimia vizuri, akampa uji, wakaongea habari za mvua. Jioni kondoo akarudishwa kwa kamba ileile. Kisha zikasikika habari kwamba wanahamia Gehandu, kwa mdogo wake Lameck anayefuga huko.

Siku ya kuhama, lori lilisimama penye bomba ili dereva aongeze maji kwenye rejeta. Basili ndiye aliyekuwepo, akafungua koki. Lameck alikuwa juu ya magunia, amempa mgongo. Helena alikaa mbele, dumu la maji ya mto mapajani.

"Kuna maji hapa, Mama Irene," Basili alisema.

"Tunayo, Baba Judica. Baki salama."

Akalipakata dumu vizuri zaidi, lori likaondoka. Hakuwaona tena.