Boti ya Nne ya Papa Rachidi

Magoti yalipomkatalia kuendesha lori, Rachidi alirudi nyumbani Murara akaanza kuzunguka ua kama mtu aliyepoteza funguo. Lakini kulikuwa na jambo alilolitamani tangu ujana: kuunda boti ndogo, mfano wa zile kubwa zinazopita ziwani kwenda Bukavu, zenye ghorofa, ngazi na bomba la moshi.

Ya kwanza aliiunda kwa katoni za sabuni. Aliiweka kwenye beseni, akasimama mikono nyuma, akaitazama ikilegea, ikiinama, kisha ikilala chini ya maji kama mkate ndani ya chai.

"Papa Shakila," mkewe Mwasiti alisema, akimwita kwa jina la binti yao, "hii boti yako inakunywa maji kuliko mbuzi."

"Inakunywa kweli. Sasa najua, katoni hapana."

Ya pili ilikuwa ya frigolite, lile povu jeupe lililofungia televisheni mpya ya jirani yao Honoré. Rachidi alilichonga kwa kisu, akaunganisha vipande kwa gundi ya mafundi viatu, akaingia ndani kuswali adhuhuri. Alipotoka, gundi ilikuwa imekula ubavu mzima na inaendelea na chumba cha kapteni. Rachidi alitaka kukasirika. Lakini alipomwona kapteni, kizibo cha chupa chenye kofia, amezama hadi shingoni, alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Gundi iko na njaa," alimwambia Honoré. "Niletee mbao."

Ya tatu, ya mbao za kreti za nyanya, ilimpendeza hata yeye mwenyewe. Aliipaka rangi ya bluu, akajaza abiria wa vizibo ghorofa ya juu na mbuzi wa waya kwenye paa. Kwa haraka ya kuona, hakungoja rangi ikauke, wala hakutazama beseni lilikuwa na nini. Boti ilipinduka hapo hapo, abiria wote chini, juu ya kitenge cheupe cha Mwasiti kilicholowekwa.

Mwasiti alikikamua kitenge polepole. Kilikuwa na mawingu ya bluu.

"Miaka yote ulikuwa unagombeza watu wa Kibumba," alisema, "ati wasipakie viazi juu ya kabichi, lori itaanguka. Na hii, uzito uliweka wapi?"

Jioni hiyo Rachidi alikifua kitenge mwenyewe. Mawingu hayakutoka.

Ya nne, ya mbao pia, aliijaza nati za chuma sakafuni, akangoja rangi ya bluu ikauke, kisha akaibeba hadi ziwani, Mwasiti na Honoré nyuma yake. Wanawake waliokuwa wakichota maji walisogeza bidoni zao. Boti ikagusa maji, ikatikisika kidogo, ikasimama wima. Rachidi akapiga makofi. Upepo mdogo ukaja, ukaisukuma mbele, naye akazidi kupiga makofi, mpaka Mwasiti alipouliza, "Na kamba?"

"Kamba gani?"

Alikunja suruali, akaingia majini hadi magotini, na magoti yakakataa kwenda zaidi.

"Papa Rachidi," Honoré alisema, "boti yako inaenda Gisenyi bila karatasi ya mpakani."

Rachidi alibaki amesimama majini, akiitazama ikipungua hadi kuwa doa la bluu.

"Lakini mumeona vile haikuinama?" aliwauliza. "Hata kidogo haikuinama."

"Tumeona," Mwasiti alisema, akampa mkono atoke. "Na kamba?"

"Hiyo ndiyo nimejifunza sasa hivi."