Mama Waya na Antena Fupi ya Gari la Zahanati

Saa moja asubuhi Mama Waya amepanda juu ya paa la gari la zahanati, msasa mkononi, anakwangua rangi. Chini, dereva amejishika kichwa.

“Mama, gari limepakwa rangi juzi tu! Unalichubua!”

“Baba, rangi haipitishi umeme. Nikifunga antena juu ya rangi, utashinda unaongea peke yako huko porini.”

Mama Waya, mwenye miaka hamsini na miwili, anafunga redio za upepo, zile za kubonyeza na kuongea, kwenye magari yanayokwenda kusikofika mtandao wa simu. Karakana yake ni kibanda cha mabati chenye meza moja na mlango usiofungika sawasawa. Siku nzuri hufunga redio mbili. Kuna wiki hafungi hata moja, na hapo hutengeneza pasi na feni za majirani ili jiko liwake.

Kazi alifundishwa na mjomba wake. Mpaka leo wateja humkuta mezani na kumwuliza fundi yuko wapi.

“Nawaambia ametoka kidogo, ngoja niimalize kazi kabla hajarudi,” anasema, na kucheka kabla ya msikilizaji.

Asubuhi hii hacheki sana. Gari hili ndilo linalompeleka binti yake, muuguzi, kwenye vijiji vya nyuma ya milima. Mwezi uliopita matawi yaling'oa antena ndefu iliyokuwapo, kisha gari likazama kwenye tope. Kwa siku mbili hakuna aliyejua waliko.

“Nilichanganyikiwa jamani,” anasema. “Nawafungia watu redio, halafu mwanangu mwenyewe hana pa kuitia. Iliniuma sana.”

Ndiyo maana leo anafunga antena fupi, isiyozidi urefu wa mkono. Inapita chini ya matawi bila kuguswa, lakini ina maringo. Lazima ipimwe ikiwa juu ya gari lenyewe, na ncha yake ya chuma ikatwe kidogo kidogo mpaka ikubaliane na redio. Ukizidisha, basi tena, hairefuki. Na kibandani imebaki hii moja tu.

Anashuka, anaunganisha mita inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi redioni badala ya kwenda hewani. Anabonyeza. Mshale unaruka hadi kwenye nyekundu.

“Kata basi, mama, twende,” dereva anamhimiza. “Wagonjwa wanatusubiri.”

Mama Waya anashika koleo. Analipeleka kwenye ncha, kisha mkono unasita. Anatazama huku na huku. Mlango wa nyuma uko wazi, masanduku ya dawa yanapakiwa, na dereva ameegemea gari, kiwiko juu ya paa, karibu kabisa na antena.

“Wewe baba, toka hapo! Unanipotoshea mita!”

“Sasa mimi nimefanya nini tena?”

“Umesimama. Mwili wa mtu karibu na antena hudanganya mita, na mlango wazi vilevile. Funga na huo mlango.”

Dereva anajisogeza mbali, akilalamika kwamba siku hizi ananyanyapaliwa kama mwenye surua. Mama Waya anapima upya. Mshale umeshuka sana. Kumebaki kasoro ndogo. Anakata kipande kama punje ya mchele, anapima tena. Safari hii mshale unalala chini kabisa.

“Ningekata mara ile ya kwanza, ningeiua,” anasema, akijifuta jasho.

Gari linaondoka, binti akimpungia mkono dirishani. Mama Waya anarudi kibandani na kuketi karibu na redio yake ya mezani. Anaeleza mpango wake: kusimamisha mlingoti mrefu hapa nje, kuweka viti vichache, ili wake na mama wa madereva waje kuwasikia watu wao bila malipo.

“Mtu akijua mwenzake mzima, analala,” anasema.

Halafu anatazama saa. Kwa hesabu yake gari limeshavuka kilele, mahali ambapo mwezi uliopita lilimezwa na ukimya. Redio inakoroma tu. Anaongeza sauti, anapunguza, anaongeza tena.

Mara mkoromo unakatika.

“Mama? Tumeshashuka huku upande wa pili. Umeshakula?”

Mama Waya anafumba macho, kisha anabonyeza.

“Bado, mwanangu. Sasa ndiyo nitakula.”