Karani Aliyefunga Onyesho

Umma unatangaziwa, kwa huzuni kubwa, kwamba taji la hip-hop la Unguja limetua juu ya mtandio wa karani wa sheha, mkuu wa mtaa, kutoka Kikwajuni. Ridhwan, aliyechana mistari miaka tisa kuhusu theluji asiyowahi kuiona, alikuwa akiililia nafasi ya kufunga onyesho la Mji Mkongwe, na waandaaji wakampa mwanamke yule. Basi alasiri ya onyesho akasimama kando ya jukwaa akiomba maikrofoni ikatike. Haikukatika. Karani alikaza pini ya mtandio, akalamba kidole kama anayefunua daftari, kisha mkono wake ukaanza kugonga paja, mara mbili polepole, mara moja kwa nguvu, vilevile anavyogonga muhuri kwenye barua za watu. Mpiga ngoma akamfuata. Akasimulia foleni ya maji ya mtaani kwao, nani kachomeka ndoo mbele ya nani, kwa sauti ileile kavu anayowaitia wenye shida zao dirishani, huku wachezaji wakizunguka na madumu vichwani. Ridhwan alikiona kichwa chake mwenyewe kinatikisika, akakishika kwa mikono miwili.

Alimvizia nyuma ya pazia.

"Bi Karani, na kesho unafunga wewe?"

"Ndivyo walivyoniambia."

"Mimi nafasi hiyo nnaitaka. Naiota."

Karani alikuwa anatafuta kiatu chake cha pili.

"Chukua," alisema. "Mie kesho nnafua."