Paka wa Jirani Anakula Mtindi

"Bibi, siyo mimi niliyemtukana paka. Kitamil ndicho kinasema hivyo."

"Lugha gani inamweka paka kundi moja na sufuria?"

"Theluji, basi la abiria, sufuria, paka, vyote wanaviita *adu*, yaani hicho. Hata kitenzi mwishoni kinabadilika. Mtu akikaa ana mwisho wake, paka akikaa anapewa ule wa sufuria."

"Basi sisemi. Paka amekuja, sufuria imekuja. Sisi tuna adabu."

"Haya, mke mwenzangu, paka akagawiwe kwingine."

Bibi alikuwa anamtaka yule paka, ila kulisema hataki. Mimi nilishinda kiwandani nikipanga biskuti, yeye alishinda peke yake kwenye fleti yetu ya huku ughaibuni, mtaa wa Weston. Shoga yake alikuwa bibi wa Kitamil wa mlango wa pili. Walikutana chumba cha kufulia, wakawa wanakunjiana mashuka, huyu ncha hii, yule ncha ile, bila lugha. Sasa shoga anahamia Markham kwa mwanawe, na mwana hataki paka kwenye zulia jipya.

Sentensi ya kumwomba paka nilifundishwa na rafiki yangu Mtamil wa kiwandani, wakati wa chai: *Poonai enga veettila irukkum*. Paka atakaa nyumbani kwetu. Nilitaka kuruka vile vimkia vya mwisho wa maneno. Akakataa katakata.

"Hiyo *la* ni kama *ni* yenu ya nyumbani," akasema. "Lakini kwenda nyumbani kuna mkia mwingine, *kku*. Paka wako anakaa au anapita tu?"

Jioni mimi na bibi tukagonga mlango wa jirani. Nikaisema yote bila kupumua. Jirani akacheka, akanikumbatia, halafu akanusa khanga ya bibi na uso ukabadilika. Dagaa! Akaingia ndani, akarudi na bakuli la wali na mtindi, akamnyooshea paka kidole, akatikisa kichwa: *meen*, samaki, hapana.

"Hali samaki?" bibi akauliza. "Paka huyu ameokoka?"

"Bibi, shoga yako hatompata mtu mwingine wa kumchukua. Amua."

Akamtazama paka. Paka akamtazama yeye.

"Mwambie dagaa nitakula mwenyewe. Na mlango wa jikoni nitafunga."

Yote hayo kwa Kitamil niyatoe wapi? Nikamnyooshea bibi kidole: "*Meen* bibi-*kku*." Nikanyooshea bakuli: "*Poonaikku* hii." Samaki aende kwa bibi, hii iende kwa paka. Jirani akacheka mpaka akashika ukuta, akamkabidhi bibi lile bakuli kwa mikono miwili. Paka akafuata bakuli.

Usiku bibi ananiambia, kwa furaha kabisa, shoga amemwonyesha kwa ishara na kalenda kwamba atapiga simu kila Jumapili kumuulizia paka. Simu! Kwenye simu utamnyooshea nani kidole? Nikaamua kesho asubuhi ninunue mtindi kabla ya zamu, na chai ikifika nikae kitako nifundishwe vimkia vyote, kimoja kimoja, bila kuruka hata kimoja.