Kwaresima Niliyofunga Wasiwasi

Mwaka ule jumuiya yetu ya mtaa wa Kasulo ilikutana Jumatano ya Majivu kwenye ua wetu, na kila mtu akataja atakachofunga. Huyu nyama, yule bia, mama mmoja sukari ya chai. Zamu yangu ilipofika nilikuwa bado sijaamua. Kiongozi wa jumuiya, ambaye ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, akaniamulia.

"Tata, weye ufunge wasiwasi. Kila siku uko na wasiwasi tu. Mungu iko, hapana?"

Watu wakacheka. Nikakubali kwa aibu, si kwa imani, na nikamchukia papo hapo pamoja na tabasamu lake la utakatifu.

Wasiwasi wangu ulikuwa na mahali pake: chumba cha mama. Mama ana miguu mibovu na hataki kulala kwingine ila kwenye nyumba aliyojengewa na baba. Ukuta wa kitandani pake ulikuwa na ufa. Huku kwetu watu huchimba madini ya kobalti chini ya vyumba vyao wenyewe; shimo linaanzia sebuleni kwa mtu na kuishia anakojua Mungu. Kwa hiyo nilipaka simenti kidogo juu ya ule ufa. Ikipasuka, ujue ukuta umesogea na kuna mtu chini amefika kwetu. Kila asubuhi, hata kabla ya kunawa uso, nilikwenda kuikagua. Nilimshuku kila mtu wa mtaa isipokuwa kiongozi, maana yeye aliapa mbele ya msalaba kwamba nyumba yake haina shimo.

Kufunga wasiwasi maana yake ilikuwa kuacha kukagua. Wiki ya kwanza sikutulia. Niligombana na dereva wa pikipiki ya taksi-moto, nikagombana na dada yangu, nikagombana na Mungu mwenyewe. Nilimwambia: haya, ukuta ni wako, ukianguka utajua la kumjibu mama. Ilikuwa sala mbaya, lakini ndiyo niliyokuwa nayo. Wiki ya tatu, sijui ilikuwaje, nikaamka nikanywa chai bila kuukumbuka ufa. Nilipoukumbuka nilikuwa tayari njiani kwenda kazini Manika. Inaniuma kukiri, ila ilikuwa raha. Nikaanza hata kumshukuru yule kiongozi moyoni. Mjinga mimi!

Ijumaa iliyotangulia Jumapili ya Matawi, Njia ya Msalaba ilipita mchana mtaani kwetu, kituo kimoja kila nyumba. Kwa kiongozi kilikuwa kituo cha tisa, Yesu anaanguka mara ya tatu. Sebule ilikuwa imetandikwa zulia jipya. Tukapiga magoti wote kwa pamoja, watu kama ishirini, na sakafu ikalia kama pipa tupu. Halafu kutoka chini kitu kikagonga mara tatu, kikanyamaza.

Kiongozi akaanzisha wimbo haraka haraka. Mimi nikashika pembe ya zulia nikalivuta.

"Tata, tuko mu sala!" akafoka.

"Na hii shimo, nayo iko mu sala?"

Chini ya zulia kulikuwa na mbao, na chini ya mbao giza na kamba inayoshuka. Akasema ni shimo la choo. Choo, katikati ya sebule! Nikamwita mwongo, nikamwita mnafiki, na neno jingine ambalo sitaliandika kwa kuwa leo pia ni Kwaresima. Nikatoka. Kutoka mlango wake hadi wangu ni hatua chache, lakini zilinitosha kupanga kila kitu: nitatafuta lori la kifusi, kimwagwe mle ndani kesho asubuhi, shimo lijae, yaishe.

Nikamweleza mama. Hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua tangu mbele ya Noeli," akasema. "Nabasikiaka banagonga chini ya kitanda. Kila banagonga, nabasemeaka Salamu Maria moja."

"Na haukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini? Weye na ile hasira yako. Ungemwanga udongo mu shimo bila kuuliza kama mutu iko ndani."

Lori lilikuwa bado kichwani mwangu, limejaa. Kwaresima nzima nilijisifu kwamba nimemwachia Mungu mambo yangu, na mama yangu alikuwa amelala juu ya shimo lile lile, macho wazi, akiwaombea waliomchimbia. Nilimkasirikia hata yeye.

Nikainama nimbebe mgongoni, nimpeleke kwa dada. Akashikilia kitanda kwa mikono yote miwili.

"Bale ba chini batoke kwanza."

Nikarudi. Watu walikuwa bado sebuleni, wimbo umewafia mdomoni. Nikampita kiongozi bila salamu, nikapiga magoti mahali pale pale, ukingoni mwa shimo, nikaita. Sikuwaza ukuta tena. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba hakuna atakayeitika. Nikaita mara ya pili.

"Iko nani?" sauti ikauliza kutoka chini.

"Mutoke bote," nikasema. "Ni mama yangu njo anaomba."