Fahali wa Shivachi na Viti vya Serikali

Shemeji yangu Cornelius Shivachi alikuwa mtu mzuri, na ningesema hivyo hata kama asingemwoa dada yangu Sellah. Kasoro yake ilikuwa moja: alimpenda fahali kuliko alivyojipenda mwenyewe. Mimi niliyesoma hadi darasa la nne, nikaiacha shule kwa hiari yangu kabla mwalimu hajaniacha, nilimwambia mara nyingi kwamba ng'ombe hawezi kumzika mtu. Hakusikia.

Alizaliwa hapa upande wa Shinyalu, pale msitu unapoishia na mahindi yanapoanzia. Ujana aliumalizia Lugari kwenye shamba la mzungu. Uhuru ulipokuja mzungu akafunga masanduku, vibarua wengine wakabaki kugombania mashamba, yeye akarudi nyumbani kwa miguu akivuta ndama mweusi. "Wengine wamechukua ekari," akatuambia, "mimi nimechukua Trekta." Hilo ndilo jina alilompa.

Kama hujui desturi yetu, pole, nitakufundisha bure. Sisi watu wa Isukha tunapiganisha mafahali. Fahali wa kupigana hagusi jembe. Analishwa majani ya kuchaguliwa, anapewa machicha ya busaa, pombe yetu ya nafaka, anaimbiwa kama bwana harusi. Asubuhi ya pambano wawili wanakutanishwa uwanjani, ngoma za isukuti zinalia, na sisi tunakimbia huku na huku pamoja nao. Mmoja akigeuza mgongo, yamekwisha. Mshindi anasindikizwa na umati mzima mpaka nyumbani kwake, na mwenye fahali sharti atangulie mbele akiwa na tawi mkononi. Asipotangulia, fahali wake anaitwa yatima, na yatima haimbiwi tena maisha yake yote.

Sasa, Trekta alikuwa akila kuliko watoto, na dada yangu alichoka.

"Baba Musimbi," akasema, "mtoto anaingia shule. Ama upate kazi ya mshahara, ama Kimutai wa bucha, nimekwisha kubaliana naye, amchukue huyo Trekta wako."

"Mama Musimbi! Utauza mtu?"

"Mtu gani ana mkia?"

Hapo ndipo chifu alipoita baraza. Serikali yetu mpya, akatangaza, imetenga pesa za kutengeneza mahali pa kuvutia watalii, na safari hii hata sisi wa Kakamega tumekumbukwa. Ama uwanja wetu wa mafahali ujengewe jukwaa la mabati na choo, ama lile jiwe kubwa linalotiririka maji kule ng'ambo lijengewe ngazi. Ofisa angekuja kuchagua. Uwanja ukishinda, atatakiwa msimamizi mwenye mshahara, yunifomu na kofia yenye beji. Chifu akamtazama Cornelius. Cornelius akajishika kichwa, akipima kofia.

"Jiwe!" akacheka njia nzima. "Nani atapanda ndege kutoka Ulaya kuja kutazama jiwe? Kwao mawe yamekwisha?"

Ofisa akaja, Bwana Maina kutoka Nairobi, amevaa suti. Tulikuwa tumeazima viti vya kanisa, tukavipanga chini ya turubai ili aonje jukwaa litakavyokuwa. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza, maana hapa kwetu hakuna aliyewahi kutazama mafahali akiwa ameketi. Chifu akamkalisha Cornelius kando ya ofisa. "Msimamizi mtarajiwa," akamwambia, "usiinuke hapo mpaka Bwana Maina aseme neno." Mimi nikawekwa nyuma yao niwe mfafanuzi. Mfafanuzi bora kuliko mimi hakuwapo, lakini tuyaache hayo.

Trekta akakutanishwa na fahali wa jirani yetu Philemon, mwenye shingo kama mtungi. Waligongana mpaka turubai likatikisika. Bwana Maina akapanda juu ya kiti na viatu vyake.

"Loo! Wanapigana hivi mpaka lini?"

"Mpaka mmoja akumbuke nyumbani, Bwana," nikamfafanulia.

Sijafunga mdomo, fahali wa Philemon akakumbuka nyumbani. Aligeuka akaondoka mbio, na uwanja mzima ukalipuka. Isukuti zikabadilisha mwendo, umati ukamzunguka Trekta, safari ya kumpeleka kwake ikaanza.

"Shivachi! Shivachi yuko wapi? Njoo utangulie!"

Shivachi alikuwa kwenye kiti cha kanisa, jasho linamtoka.

"Basi, Mzee," Bwana Maina akauliza, "choo tukijenge upande gani?"

"Popote, Bwana. Hata juu ya mti."

"Na tikiti ziuzwe wapi?"

"Huko huko chooni, Bwana." Magoti yalikuwa yakicheza isukuti peke yake.

Kule mbele Trekta akasimama. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe ni yatima!"

Dada yangu alikuwa amefika na birika la chai ya wageni. Aliposikia neno hilo akanisukumia birika kifuani, akavunja tawi, akapita katikati ya wanaume, akasimama mbele. Mwanamke! Wazee wakafungua midomo kumkemea, lakini Trekta aliujua mkono uliomletea machicha kila asubuhi. Akamfuata kama kondoo.

Cornelius akaona. "Bwana Ofisa, mimi nimekubali choo chochote!" akapaaza sauti, akaruka viti. Chifu akamfuata amrudishe, na kabla hajafika njiani nikamsikia chifu naye anaimba.

Nikabaki mimi, birika na Bwana Maina. Uwanjani palikuwa na viti na mavi ya ng'ombe.

"Watu wote wameenda wapi?"

"Wamemsindikiza mshindi, Bwana."

"Watarudi saa ngapi?"

"Leo? Leo hawarudi. Huko kuna busaa."

"Sasa mtalii aliyelipia kiti ataangalia nini?"

Kwa elimu yangu sikukawia. "Atakunywa chai," nikasema, nikamimina.

Akainywa, akaisifu. Kisha akauliza polepole, "Na lile jiwe, linakaa mahali pamoja?"

Ilinibidi niseme ukweli. Halijawahi kuhama.

Basi pesa zikaenda kwa jiwe. Cornelius alipofika nyumbani alikuta umati unaimba "Trekta wa Sellah," na hakuna aliyempisha. Aliingia bomani mwake mwenyewe kwa nyuma, pamoja na kuku.

Wiki hiyo hiyo Kimutai akaja na kamba.

"Mama, nimemfuata yule fahali. Kazi ya serikali haikupatikana, na tulikubaliana."

Sellah alikuwa akichambua maharagwe, hata hakuinua macho. "Tulikubaliana juu ya fahali wa Baba Musimbi. Huyu ni wangu. Wewe ni kiziwi? Kijiji kizima kimeimba."

Kimutai akamgeukia Cornelius. Cornelius akatazama mawingu.

"Na karo ya mtoto?" akauliza shemeji yangu baadaye, mtu asiyejua kunyamaza.

"Wapasua mbao wanatafuta mtu wa kushika msumeno upande wa chini," akajibiwa. "Nenda mapema."

Akaenda. Musimbi akaingia shule. Jioni Cornelius alikuwa akirudi kutoka msituni, unga wa mbao umemjaa nywele na kope, amebeba mzigo wa majani kichwani, na sisi tulimngojea njiani kwa makusudi.

"Shemeji, habari za Trekta? Atapigana lini tena?"

"Mimi namletea chakula tu," alisema, bila kusimama. "Muulizeni mwenye fahali."