Ndoano Kwenye Mti Mkavu

Harufu ya magunia ya vitunguu ndiyo iliyonipokea nilipopanda lori la kwenda Lumuma. Magunia yenyewe yalikuwa matupu, yamefungwa mafungumafungu, lakini harufu ilikuwa imeingia katika nyuzi zake na jua la mchana likazidi kuiamsha. Asubuhi ile mama na mimi tulikuwa tumetoka Mikumi kwa basi, tukapita vijiji vya Ulaya na Zombo kwenye vumbi jekundu, mimi nikihesabu nyani hadi walipokwisha. Mikumi tuliishi nyuma ya barabara kuu. Mama aliuza chai na mayai ya kuchemsha kwa madereva wa malori, na tangu baba afariki nililala kwenye benchi la wateja nikisikia breki zikipumua. Sasa alikuwa amepata kazi ya kupikia mafundi wa barabara, upande wa Iringa, mahali ambapo mtoto hakuruhusiwa. Pale stendi ya Kilosa alinivalisha sweta jekundu la mtumba, akamkabidhi utingo mkono wangu kama anayekabidhi mzigo, kisha akainama. "Msimu wa samaki ukiisha, nitakuja kukuchukua," akasema. Sikujua msimu wa samaki ni nini. Sikujua hata kwamba huko milimani kulikuwa na samaki.

Tulipanda milima hadi masikio yakaziba. Lori lilisimama kila penye maji ili utingo apoze injini, na kila liliposimama baridi ilikuwa imeongezeka. Tulifika giza limeshaingia. Mwanamume mrefu mwenye koti la mvua alikuwa amesimama kando ya njia akiwa na taa ya chemli, akaniinulia taa usoni, akanitazama muda mrefu. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akachukua kifurushi changu, akatangulia. Huyo ndiye alikuwa baba mkubwa Athumani, kaka wa baba yangu, na maneno yale ya salamu yalikuwa karibu yote niliyopata kwake juma lile. Hakuwa mkali. Alikuwa tu mtu ambaye maneno kwake yalikuwa kitu cha kutunzwa, kama mafuta ya taa.

Ziwa lilikuwa juu ya kijiji, mwendo wa kupanda kidogo kupitia mashamba ya vitunguu. Wazee walisimulia kwamba zamani mlima uliporomoka ukaziba mto, maji yakapanda yakafunika msitu, na miti ikafia humohumo ikiwa imesimama. Mvua zilipoisha, ziwa lilijaa pomoni na hukuona mti hata mmoja. Uliona ukungu tu, na ndege weusi wakiuchungulia. Watu wa pale hawakuvua kwa nyavu, kwa sababu nyavu zingenasa kwenye miti na kuchanika. Walivua kwa kukokota. Mshipi mrefu ulifungwa ndoano na chambo, ukaachwa nyuma ya mtumbwi, na mtumbwi ukapigwa kasia taratibu kuzunguka ziwa, ili kambale aone kitu kinachopita kama samaki mdogo asiye na haraka. Kwa kuwa mikono ilishika kasia, baba mkubwa aliuzungusha mshipi kwenye kidole gumba cha mguu. Kambale alipovuta, kidole kiliambiwa kwanza.

Siri yote ilikuwa mwendo. Ukienda haraka, chambo kinapanda juu na samaki anakidharau. Ukienda polepole mno, kinazama na kunasa kwenye matawi. Siku ya kwanza baba mkubwa alinipa kasia dogo na kuniambia nipige kwa mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni: hutaki kumkimbiza, wala hutaki ionekane unamzuia. Nilikaa mbele, yeye nyuma, na tukakaa hivyo msimu mzima, alfajiri kabla ya shule na tena jua lilipopungua. Mbele yangu yalikuwepo maji tu. Nilimjua baba mkubwa kwa mgongo wangu: pumzi yake, maji yakidondoka kutoka kwenye kasia lake, ubao ukilia alipohamisha mguu. Kuongea kulikatazwa, kwa maana sauti hupita kwenye mbao na kushuka majini. Kwa hiyo niliongea moyoni. Nilimweleza mama kila kitu, nikamwuliza maswali, nikajijibu kwa sauti yake, na kadiri siku zilivyopita sauti yake ikaanza kufanana na yangu.

Nyumbani kulikuwa na mama mkubwa, mwanamke mnene mcheshi, na binti yao Tatu, aliyenizidi umri kidogo na kunizidi ulimi mara nyingi. Tatu aliniita Mtoto wa Lami. Nikichelewa kuamka alisema nasubiri honi ya lori. Nikimaliza ugali haraka aliniambia nitafune, hapa hakuna basi linaloniacha. Ugomvi mkubwa wa nyumba ile ulikuwa wa vijiko. Baba mkubwa aligundua kwamba kichwa cha kijiko, kikikatwa na kutobolewa tundu, hung'aa na kujipindua majini kuliko chambo chochote, akakifunga pamoja na kipande cha perege kwa ajili ya harufu. Kila mama mkubwa alipotoka kwenda shambani, kijiko kilipotea. Kufikia katikati ya msimu tulikuwa na kopo lililojaa mipini mitupu na hakuna cha kunywea uji. Mama mkubwa alikoroga chai kwa mpini, akampa mumewe kikombe, akamwambia, "Kunywa, baba Ramadhani. Kijiko chako kimo tumboni mwa kambale, mwombe akuazime." Baba mkubwa alikunywa, nami nikamwona akitabasamu ndani ya kikombe.

Ramadhani alikuwa mtoto wao wa kwanza. Sikuwahi kumwona. Alishuka bondeni na lori la vitunguu miaka kadhaa kabla yangu na hakurudi. Jina lake lilitajwa kwa njia hiyo tu, katika kuitana kwa wazazi wake.

Niliposhika mwendo wa kasia, baba mkubwa alinitengenezea mshipi wangu mwenyewe, akaniambia nitafute alama. Kila nyumba ilifunga uzi wa rangi yake juu ya ndoano, na kila mvuvi aliongeza fundo lake. Uzi wa nyumba yetu ulikuwa mweusi. Nilitegemea atanipa huo mweusi. Alinitazama, akaona uzi uliochomoza kwenye mkono wa sweta langu, akauvuta, akaukata kwa meno. "Huu ni wako," akasema. Nikafunga uzi mwekundu, lakini rohoni kitu kilishuka. Nilihesabu kwamba nimewekwa kando.

Msimu ukaenda. Wakati wa baridi kali samaki walikaa karibu na ukingo, tukakokota kandokando ya matete huku vidole vya miguu vikifa ganzi. Upepo ulipoanza wakahamia katikati, tukaongeza kipande cha madini ya risasi kwenye mshipi ili uzame. Jua lilipokuwa kali, maji yakaanza kupungua na ncha za miti zikatokeza moja moja, nyeusi, zisizo na gome. Hapo ndipo mishipi ilipoanza kunasa. Ukinasa unarudi nyuma, unajaribu kuvuta kutoka upande mwingine, na ndoano isipotoka unaukata mshipi. Kila nilipokata nilichomoa uzi mwingine kwenye sweta, hadi mkono wake mmoja ukafika kwenye kiwiko. Siku niliyomtoa kambale wangu wa kwanza, mkubwa kiasi cha kuutikisa mtumbwi, baba mkubwa aliweka kasia chini, akaniwekea mkono kichwani, akauacha pale. Mkono ule ulikuwa na harufu ya samaki na moshi. Kuanzia siku ile niliacha kumwongelesha mama moyoni, na nikaanza kuogopa msimu kwisha. Nilitaka kitu kimoja tu: baba mkubwa aseme kwamba mimi ni wa pale.

Kulikuwa na siku moja ambayo angeweza kulisema neno hilo. Kabla ya mvua, maji yalipofika chini kabisa, kijiji kizima kilipanda ziwani, kikashuka kwenye matope kuvuna ndoano. Miti ilikuwa imesimama wazi, na kwenye matawi yake zilining'inia ndoano za msimu mzima, vijiko viking'aa kama matunda. Aliyeipata ndoano alitaja alama yake kwa sauti, na mwenye nyumba alijibu, "Ya kwetu," akarudishiwa. Kwenye mti mmoja mkavu uliogawanyika kama uma, niliona ndoano ya zamani yenye uzi mweusi na fundo nisilolijua, imeshika kutu. Kila mtu aliipita. Nikamwuliza Tatu kwa nini haichukuliwi. Akanijibu bila kunitazama, "Ya kaka Ramadhani hiyo. Baba hataki iguswe. Huyo si wa hapa tena."

Muda mfupi baadaye mtu mmoja akaita kutoka mti uleule, upande wa pili. "Nyekundu! Ya nani nyekundu?" Nilimgeukia baba mkubwa. Alikuwa amezama hadi magotini ndani ya matope, mkononi ameshika vijiko vyake. Alitembea taratibu hadi kwenye mti, akaishika ndoano yangu, akaifuta tope kwa kidole gumba, na kwa muda nikaamini neno linakuja. Kisha akaiachia. "Iacheni," akasema, akarudi alipokuwa.

Sikulia mbele ya watu. Jioni mama mkubwa alinieleza, huku akinikaushia miguu, kwamba dereva wa vitunguu alileta salamu: mama anakuja mwisho wa juma, amepata chumba Iringa. Kumbe baba mkubwa alijua tangu asubuhi. Nilichoelewa mimi ni kwamba amenihesabu miongoni mwa wasiohesabiwa. Siku ya kuondoka niliamka kabla ya wengine, nikapanda ziwani peke yangu, nikashuka kwenye matope, nikaupanda ule mti, nikaing'oa ndoano yangu. Ilinichoma kiganja. Nikafurahi kwamba imenichoma.

Nimekaa mahali pengi tangu hapo. Nilisoma sekondari Iringa, nikamzika mama hukohuko, nikalinda maghala ya mahindi Msowero, nikaendesha bodaboda Malolo, nikabeba mizigo mpakani Tunduma, na kila mahali nilifika na begi moja na kuondoka nalo. Habari za msiba wa baba mkubwa zilinipata huko Tunduma matanga yakiwa yameshaisha. Sasa nimepanga chumba Mikumi, si mbali na lilipokuwa benchi la mama, na usiku breki bado zinapumua. Samaki wanaletwa hapa na pikipiki, ndani ya maboksi ya barafu, na muuzaji hajui walitoka maji gani. Juzi nilimwuliza dereva mmoja wa vitunguu kuhusu ziwa la juu. Akaniambia mashine za kumwagilia zimelinyonya, miti iko nje karibu mwaka mzima na wanawake wanaanikia nguo. Sikumwuliza kama aliona ndoano. Ingekuwa siku hizi, mama angepiga simu, tena nami nikisikia, na baba mkubwa angelazimika kusema kitu, na mimi ningelazimika kuuliza. Wakati ule mtu aliweza kukupenda msimu mzima bila neno lolote kumtoka, na mtoto akaondoka bila kujua.

Karibu bila kujua. Asubuhi ile ya kuondoka, mama alikuwa ameshapanda mbele pamoja na dereva. Tatu alinipa mpini wa kijiko, akasema nikautafutie kichwa huko Iringa, kisha akakimbilia nyuma ya nyumba. Baba mkubwa alinisindikiza hadi kwenye lori kwa mwendo wetu wa majini, akaninyanyua juu ya magunia yaliyojaa. Nilitaka aone kwamba sihitaji chochote chake. Nikafungua kiganja chenye damu iliyokauka, ndoano na uzi mwekundu vikiwa ndani.

"Nimeitoa mwenyewe," nikasema.

Aliitazama kwa muda. Uso wake ulibadilika kama maji yanavyobadilika wingu likipita. Akaongea kwa sauti ya chini, kama tuko mtumbwini.

"Ya Ramadhani naiacha pale ili awe na cha kurudia. Na yako niliiacha hivyohivyo. Sasa utarudi kuchukua nini?"

Injini ikawaka. Nikamnyooshea ndoano aichukue, airudishe mtini, naye akanyoosha mkono, lakini lori lilikuwa limeshaanza kuteremka na vumbi likaingia kati yetu. Lilipotulia nilimwona amegeuka. Alikuwa anapanda njia ya ziwani, mwendo uleule wa kumsindikiza mgeni, na hakuna mtu aliyekuwa mbele yake.